Haki ya Paa

Katika hukumu za wakfu, pato hutengeneza jengo kwanza, ndipo wenye haki wagawiwe. Alaye kodi yote leo amemdhulumu mpangaji wa kesho.

Tutazame Nakuru. Nyumba za zamani za baraza la mji, kama Kaloleni na Kivumbini, zilirithiwa na serikali ya kaunti mwaka 2013. Nayo sheria ya 2024 yamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara ili zijengwe nyingine za bei nafuu. Kujenga ni wema. Lakini mabomba na mapaa yatatengenezwa kwa fedha gani baada ya miaka ishirini? Kodi ikipandishwa ghafla, maskini hutoka. Matengenezo yakiachwa, hurithi gofu. Basi fungu la matengenezo litengwe kwanza katika kila kodi, kwa hesabu ya wazi. Nyumba ya umma ni amana.

Wabillahi taufiki.