Taa ya Ghalani



Ilikuwa usiku wa kwanza wa Ramadhani, mwaka 654 Hijria, yaani 1256. Mtumishi wa Msikiti wa Mtume, Madina, aliingia ghalani kuchukua kandili za minara. Taa aliyoishika akaiweka juu ya tenga lenye nyuzi kavu. Moto ukashika tenga, ukala mikeka na mazulia, ukapanda darini. Paa lote likaenda, na mimbari nayo ikateketea. Naye mtumishi huyo hakuwa adui wa dini. Alikuwa kazini, akiuhudumia msikiti.

Kuba moja lilisalimika. Lilijengwa peke yake katikati ya ua, na ndani yake ulihifadhiwa Msahafu unaonasibishwa na Sayyidna Uthman. Je, kuba hilo lilikuwa na utukufu kuliko mimbari? Hasha. Allah aliliokoa kwa sababu tunayoiona kwa macho: halikugusana na paa, moto ukakosa njia.

Basi anayesema "Mungu atailinda nyumba yake" kisha akalala, huyo hajatawakali. Nyumba ilipoungua usiku Madina na wenyewe wamo ndani, Mtume (s.a.w.) alisema moto ni adui wetu, akaamuru tuuzime tulalapo. Alitaja hata panya anayeburura utambi.

Utambi wetu siku hizi ni waya. Litazameni kabati la vitabu vya wakfu la msikiti wetu, mna humo hati za mkono zisizo na nakala nyingine. Pembeni yake soketi moja inabeba feni, friji na chaja za simu. Chetezo cha udi nakipenda, sikikatazi, lakini makaa yake yasilale humu ndani. Na mtungi wa gesi wa futari utoke kwenye ukuta wa kabati hilo. Ndoo ya maji haitoshi: ni hatari kwenye umeme, na maji huharibu wino ulioponea moto. Hapo panafaa mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kaboni dioksidi.

Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimekwisha kupigwa picha za kidijitali. Vijana wenye simu nzuri, kazi hiyo kwa hati zetu ni yenu. Anzeni na orodha.

Wazee wa kamati, tukishaswali tubaki kidogo. Nataka tujue nani anazima swichi kuu baada ya Isha, na ufunguo wa kabati unalala kwa nani.