Kutua Mzigo na Kuahirisha

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 20:8–11, Hesabu 9:15–23, Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, Mithali 3:27, 28, Luka 13:10–17, Matendo 24:24–27.

Kabla ya reli kujengwa, bidhaa za pwani zilifika bara juu ya vichwa na mabega ya watu. Mojawapo ya njia za misafara ilipanda milima ya Ukaguru na kupita Mamboya, katika Kilosa ya leo, ikielekea Mpwapwa na Ugogo. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Hakuna awezaye kwenda mwendo wa majuma mengi namna hiyo bila kusimama. Kwa hiyo njia ilikuwa na matuo yake, na Mamboya ilikuwa moja ya matuo hayo. Hata wamisionari wa Kianglikana waliofika hapo karibu na mwaka 1880 walijenga mahali tunapopaita kwa neno la ukoo huohuo: kituo.

Neno hilo, kutua, lingali hai midomoni mwetu. Mwenye mzigo hutua, ndege hutua, jua hutua. Tulia na utulivu ni ndugu zake. Lakini tunayo pia maneno mengine ya kusimamisha jambo: kuahirisha, kuweka kiporo, kumpiga mtu danadana. Kuahirisha ni ndugu wa ahera, kwa maana yote mawili yametoka katika shina la Kiarabu linalohusu kilicho nyuma au cha mwisho. Anayeahirisha hulisukuma jambo nyuma, huko mwisho.

Kwa macho, anayetua na anayeahirisha hufanana: wote wawili wamesimama. Tutawatofautishaje? Methali zetu zinavutana. Moja inasema, “Kawia ufike”, nyingine inasema, “Ngoja ngoja huumiza matumbo.”

Wengi tungepima kwa muda: kusimama kidogo ni pumziko, kusimama sana ni uvivu. Biblia haikubaliani na kipimo hicho. Wingu lilipokaa juu ya maskani, Israeli walikaa kambini, iwe siku mbili, mwezi au zaidi, na kukaa kwao kulikuwa utii (Hesabu 9:22, 23). Liwali Feliki naye alimwambia Paulo aende zake mpaka atakapopata nafasi. Aliendelea kumwita mara kwa mara akitazamia fedha, na miaka miwili ilipokwisha alimwacha kifungoni (Matendo 24:25–27).

Basi tuulize swali jingine: wakati mimi nimesimama, mzigo uko wapi?

Mpagazi alipofika kwenye tuo, mzigo wake ulikaa chini, kando yake. Hakuna mwingine aliyeubeba usiku ule, na asubuhi ulikuwa bado wake. Feliki alipoahirisha, mzigo haukukaa chini. Ulibaki juu ya Paulo, aliyeendelea kufungwa huku mwamuzi wake akilala kwake. Kutua ni kuuweka mzigo chini. Kuahirisha, mara nyingi, ni kumtwika mwingine.

Ndiyo maana Mithali inatukataza kumwambia jirani arudi kesho, hali tunacho kitu chenyewe. Kwetu ni kesho tu. Kwake ni usiku mwingine wa njaa. Mfikirie kibarua aliyepalilia shamba la mahindi juma zima. Ijumaa jioni anafuata ujira wake, naye anaambiwa kwamba jua linazama, mambo ya fedha yangoje Jumapili. Mwajiri anaingia Sabato ametua. Kibarua anaingia Sabato amebeba. Torati ilikwisha kuliona jambo hili, ikaagiza ujira wa maskini ulipwe siku ileile, kabla jua halijachwa. Kwetu sisi, jua hilohilo la Ijumaa ndilo linalofungua Sabato.

Amri ya nne haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana, binti, mtumwa, mnyama na mgeni. Sabato ni tuo la msafara mzima.

Hapo ndipo alipokosea mkuu wa sinagogi katika Luka 13. Hoja yake haikuwa ya kijinga: ziko siku sita za kazi, watu waje siku hizo waponywe. Mwanamke yule alikuwa amepinda kwa miaka 18. Siku moja zaidi ingemdhuru nini? Yesu hakubishana naye kuhusu urefu wa muda. Alimwonyesha ng'ombe na punda, ambao hufunguliwa siku ya Sabato wakanywe maji. Ng'ombe wake mwenyewe, mtu yule asingemwambia angoje. Ilikuwa rahisi kumngojesha mwanamke, kwa kuwa mgongo uliopinda haukuwa wake. Yesu hakuivunja Sabato. Alimwingiza katika pumziko yule aliyekuwa bado amebeba.

Hili halimhukumu asiyenacho. Mithali inasema juu ya mtu aliye na uwezo mkononi. Mwenye kusema wazi, “Leo sina,” akataja siku na kuishika, hajamtupia mwenzake mzigo, wanaubeba pamoja.

Kwa hiyo maandalio ya Ijumaa yasiishie kwenye kupika na kufua. Kabla jua halijazama, tujiulize: ni nani atakayebeba usiku huu kile nilichoweza kukitua leo?

Maswali ya Kujadili

1. Ni mambo gani tunayoyaita “kumngojea Bwana” ambayo kwa kweli ni kuahirisha? Wingu la Hesabu 9 linatusaidiaje kutofautisha?

2. Katika kanisa lenu, ni nani anayefanya kazi au anayesubiri haki yake ili wengine wapumzike siku ya Sabato? Mnaweza kufanya nini juma hili?

3. Je, kuna nyakati ambapo kumngojesha mtu ni kumtendea mema? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.