Nabothi Asiye na Hati

Habari ya shamba la mizabibu la Nabothi tumehubiriwa mara nyingi, na kila mara tunakimbilia mwisho wake: barua za Yezebeli, mashahidi wa uongo, mawe, mbwa. Leo naomba tusimame pale mwanzo wa 1 Wafalme 21, kabla damu haijamwagika. Hapo Ahabu hajafanya kosa lolote. Amemwendea jirani yake kwa heshima. Anataka mahali pa kupanda mboga karibu na nyumba yake, na anampa Nabothi achague: shamba lingine zuri kuliko hilo, au pesa taslimu kwa thamani yake. Tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu wenye ploti tungekataa?

Nabothi akakataa. Hakusema bei ni ndogo. Alisema ni urithi wa baba zake, basi. Na mfalme mzima akaenda akalala, akageukia ukutani, akasusia chakula, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja katika ufalme wake ambacho pesa yake haikuweza kukigusa.

Swali langu ni hili. Nabothi aliweza kusema hapana kwa sababu alikuwa na urithi. Je, asiye na urithi? Mgeni aliyekuja na begi moja, akapanga chumba cha duka, akauza miaka thelathini, akasomesha watoto pale pale, lakini hati iko kwa jina la mtu mwingine? Siku mwenye jengo akiuza, notisi ikatolewa vizuri na sheria yote ikafuatwa, kuna ubaya wowote umefanyika?

Tuliangalie hilo kwa mji mmoja halisi, maana maneno ya haki yakibaki hewani hayamsumbui mtu. Mji ni Philadelphia, kule Marekani. Karibu na katikati yake kuna mtaa wa wahamiaji unaoitwa Chinatown, mtaa wa Wachina. Ulianza mapema miaka ya 1870 na duka moja la dobi kwenye Race Street. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwafungia Wachina mlango, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1943. Kwa hiyo mtu asidhani mtaa huu ulikua kwa sababu Wachina wanapenda kujitenga. Kwingine hawakutakiwa. Pale walipoachiwa, mahali ambapo wenye mji hawakupaona na maana, ndipo walipotengeneza maana: mikahawa, wauza mboga, watengeneza tambi, wauza dawa za mitishamba, vinyozi.

Halafu wenye mji wakaanza kupaona. Mpango wa barabara kuu ya Vine Street, katika miaka ya 1960, ulitaka kubomoa kanisa la Kikatoliki la Holy Redeemer, lililojengwa 1941 kwa ajili ya Wachina, pamoja na shule yake. Watu walipinga kwa miaka na miaka. Barabara ilipokamilika mwaka 1991 ilikuwa imepunguzwa, na kanisa liko mpaka leo, ingawa kuna nyumba za watu zilizokwenda. Jumba kubwa la mikutano likameza upande mwingine. Mwaka 2000 meya alitaka uwanja wa besiboli hapo. Watu wakakataa, ukajengwa kusini mwa mji. Mwaka 2008 ikaja habari ya kasino, nayo ikashindikana. Ndipo Julai 2022 timu ya mpira wa kikapu, Philadelphia 76ers, ikatangaza kwamba itajenga uwanja wa watu 18,500 kwenye Market Street, bega kwa bega na Chinatown, kwa dola bilioni 1.3.

Sasa hapa ndipo maneno yanakuwa magumu, na ndiyo sababu nimechagua mfano huu badala ya mfano rahisi wa tingatinga usiku. Uwanja huu haukuwa ubomoe hata duka moja la Chinatown. Ulikuwa ukae mahali penye maduka makubwa ya zamani yaliyokuwa yamedorora. Vyama vya mafundi wa ujenzi viliuunga mkono kwa nguvu, na mtu asiwadharau, maana fundi wa chuma naye ana watoto wa kulisha. Mwishoni yaliwekwa mezani makubaliano ya dola milioni 60 kwa ajili ya jamii, sehemu yake ikiwa ya kuwasaidia wafanyabiashara wa mtaa ule. Ukilinganisha na Ahabu, hawa walikuja na ofa nono.

Basi kilichokuwa kikipotea ni nini?

Chukua mama mzee asiyejua Kiingereza. Ndani ya dakika kumi kwa miguu anapata mboga anazozijua, daktari anayemwelewa, mahali pa kuabudu, na mtu wa kumsomea barua ya serikali. Muuza mboga anaishi kwa mama huyu na kwa mikahawa inayonunua kwake. Mkahawa nao unaishi kwa familia za Kichina zilizohamia pembeni mwa mji, ambazo wikendi huja na gari, zikala, zikanunua vya wiki nzima, zikarudi. Sasa weka uwanja jirani. Siku ya mechi hakuna pa kuegesha. Familia inakuja mara moja, inazunguka wee, mara ya pili haiji. Mkahawa unapunguza oda ya mboga. Muuza mboga anachelewesha kodi. Landilodi naye, ambaye siku hizi anapigiwa simu na watu wa mabaa, ataona hana sababu ya kumvumilia. Na hapo bado sijataja miaka ya ujenzi wenyewe, vumbi na barabara kufungwa. Utafiti ulioagizwa na mji wenyewe, uliotolewa Agosti 2024, uliona kwamba karibu nusu ya biashara ndogo za mtaa zingeumia.

Hakuna aliyebomolewa. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini mtaa umekwisha.

Washington walishayaona haya. Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1997 katikati ya Chinatown yao. Haki isemwe, mtaa ule ulikuwa umeanza kupungua hata kabla. Leo wakazi wa Kichina waliobaki ni mia chache tu. Ila maandishi ya Kichina yamejaa, kwa kuwa mji uliweka utaratibu wa maduka ya eneo hilo kuandika majina yao kwa Kichina pia. Kwa hiyo unaweza kunywa kahawa chini ya herufi za Kichina, na usimwone Mchina. Walilinda mabango.

Sisi tunaouza sokoni tuna neno linaloweza kutusaidia hapa. Mtu akiachia mwenzake kibanda chenye wateja, anaitisha gudiwili. Si bei ya mabati wala ya mbao. Ni bei ya wateja, ya kujulikana, ya miaka ya kuamka saa kumi usiku. Sote tunajua kitu hicho kipo, hata kama huwezi kukishika, ndiyo maana tunakilipia. Lakini mwekezaji anaponunua mtaa, thamani hiyo iliyotengenezwa na wapangaji ndiyo inayopandisha bei ya ardhi, na bei hiyo inalipwa kwa mwenye hati. Aliyeitengeneza anapewa notisi. Na hata angepewa kitu kidogo mkononi, gudiwili ya mtaa mzima haina mwenyewe mmoja. Ni ya muuza mboga na mwenye mkahawa na yule mama mzee kwa pamoja, na hakuna dirisha la benki ambapo wote watatu wanaweza kwenda kuichukua.

Ndiyo maana nasema ubaya upo, hata pale ambapo karatasi zote ni safi. Sheria imehesabu walio na hati, na haikuwahesabu walioufanya mtaa uwe mtaa.

Biblia iliwahesabu. Fungua Ezekieli 47, mwisho wa sura. Nabii yuko kwenye kazi ya kupima mipaka, nchi inagawanywa kwa makabila, kazi ya kamba na ramani kama ya sorveya. Katikati ya hayo anaambiwa kwamba hata wageni wanaoishi kati ya Israeli, waliozaa watoto huko, wahesabiwe kama wenyeji na wagawiwe urithi pamoja nao. Angalia kipimo ni kipi. Hakuulizwa alilipa nini. Hakuulizwa ana karatasi gani. Amezaa watoto hapa? Basi. Na angalia wapi: katika kabila lile lile analokaa. Hakutengewa kaploti ka wageni kule mbali, ati aende huko na wenzake. Wanaosema wafanyabiashara wa Chinatown wangeweza kuhama tu, waisome sura hiyo pole pole.

Mtu atasema, mchungaji, unataka miji ikae kama makumbusho? Hapana. Watu wa Chinatown wenyewe si maadui wa ujenzi. Vita ile ya barabara ilizaa shirika lao la maendeleo mwaka 1969, Philadelphia Chinatown Development Corporation, ambalo limejenga nyumba za watu wa kipato cha chini, na mwaka 2019 likafungua jengo la ghorofa 20 lenye ukumbi wa jamii. Ghorofa 20! Shida haikuwa simiti. Shida ilikuwa nani anaulizwa, na anaulizwa lini: wakati bado anaweza kusema hapana, au wakati mambo yameshaamuliwa na anaitwa mkutanoni kula biskuti na kuonyeshwa picha.

Wala sisemi mpangaji ndiye mwenye jengo. Mali ya mtu ni mali yake. Lakini Torati, katika Walawi 19, inamwambia mwenye shamba asivune mpaka pembeni, mabaki ni ya maskini na mgeni. Shamba ni lako, pembe zake si zako peke yako. Ruthu Mmoabi aliishi kwa sheria hiyo. Boazi hakumpelekea bahasha ya fidia nyumbani. Alimwacha aingie shambani. Mwenye jengo anayetoa mkataba wa miaka kumi badala ya mwezi kwa mwezi, au anayewauliza wapangaji wake kwanza kama wanaweza kuchanga wanunue kabla hajaita dalali, huyo ameacha pembe.

Na hili si la Wamarekani tu. Wengi wetu tuna ndugu huko nje wanaouza unga na majani chai kwenye viduka vya kupanga, wao ndio wageni. Hapa nyumbani kanisa nalo hununua ploti. Tunaomba, tunafunga, tunachanga, Mungu anafungua mlango, na siku ya kuweka ua tunakuta kwenye kona kuna mama wa mandazi, fundi viatu na kijana mkimbizi anayerekebisha simu. Tunawaita vizuizi. Ni vizuri kamati ya ujenzi ikumbuke kwamba Nabothi pia alikuwa kizuizi cha bustani ya mboga.

Huko Philadelphia, tarehe 19 Desemba 2024, baraza la mji lilipiga kura 12 kwa 5, uwanja ukapitishwa. Kabla ya wiki nne kwisha timu yenyewe ikageuka. Ilikuwa imeelewana na Comcast Spectacor, wenye uwanja inaochezea sasa, kwamba watajenga mpya kule kule kusini mwa mji. Wapo walioita jambo hilo muujiza, na sitabishana nao. Ila waliopiga kura hawakubadilisha kura. Matajiri wawili walielewana, na maduka yakapona. Asubuhi iliyofuata wenye maduka walifungua kama kawaida. Hati bado ziko kwa majina yale yale, na lile eneo la Market Street bado linatafutiwa cha kujengwa.