Manahodha Wawili Katika Chombo Kimoja

Hakuna mwalimu aliyefundisha methali darasani asiyewahi kuandika ubaoni maneno haya: "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Watoto huyakubali upesi, nao wazee huyatumia kila mahali, barazani, katika vyama vya ushirika, na kupita kote nyumbani. Mume na mke wakibishana juu ya kuuza shamba, au juu ya kumpeleka mtoto shule ya mbali, hakosi mtu wa tatu wa kuitoa methali hii, na kila aliyepo hufahamu ni nani anayeambiwa anyamaze. Sisi nasi tumeitumia hivyo, tena si mara moja. Siku hizi twaona haya kidogo, na sababu ya haya hiyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu.

Swali letu ni hili: ikiwa watu waliomo chomboni ni wawili tu, na wawili hao ni mume na mke, nahodha awe nani? Hili si fumbo la kupitishia jioni. Wako watu wengi, hasa wa Uingereza, Ufaransa, Marekani na New Zealand, ambao hukifanya chombo kidogo cha matanga kuwa nyumba yao, wakaifuata pwani bandari kwa bandari kwa miezi au kwa miaka, pasipo baharia wa kuajiriwa hata mmoja. Kwa kuwa methali imetoka baharini, ni haki kuirudisha baharini ikapimwe huko. Watu hao huijaribu kila siku juu ya maji yenyewe. Sisi wa nchi kavu huijaribu kwa maneno tu.

Tuwatazame Eric na Susan Hiscock, Waingereza waliokaa katika kisiwa cha Wight, kusini mwa nchi yao. Kwanza walitembelea pwani za karibu kwa vyombo vidogo. Kisha mwaka 1952 wakapata chombo walichokiita Wanderer III, urefu wake futi 30, ambacho wengi wa manahodha wetu wangekiita mashua wala si jahazi. Kwa chombo hicho, wao wawili tu, waliizunguka dunia tangu 1952 hata 1955, na mara ya pili tangu 1959 hata 1962. Eric aliandika vitabu ambavyo wenye mashua ndogo walivisoma kama mwanafunzi asomavyo kitabu cha hesabu; kimoja, Cruising Under Sail, kilitoka mwaka 1950. Sasa msomaji na asikie jambo hili: macho ya Eric yalikuwa dhaifu sana. Mtu yule aliyewafundisha maelfu jinsi ya kuikaribia pwani hakuweza kuyategemea macho yake mwenyewe peke yake. Hatusemi kwamba Susan alikuwa nahodha na Eric hakuwa. Twasema tu kwamba ukimwuliza mtu wa methali ni yupi kati yao ndiye nahodha, atapata taabu kujibu.

Wengi wetu hudhani ya kuwa hatari iko katika bahari kuu, na kwamba kuifuata pwani ni mchezo. Mambo ni kinyume. Katika bahari kuu chombo kikipotea njia kwa maili kumi hakuna kitakachogonga. Karibu na pwani, hatua mia zatosha. Pwani ina mafungu, ina miamba, ina mikondo inayogeuka kila saa sita, ina meli kubwa zipitazo usiku. Kwa hiyo pwani ndiko kwenye maamuzi mengi, na penye maamuzi mengi ndipo penye ugomvi.

Karibu na kisiwa hicho cha Wight, upande wa magharibi, pana mlango mwembamba uitwao Hurst. Wakati wa bamvua maji hupita hapo kwa mwendo wa maili nne na zaidi kwa saa, na chombo cha futi 30 chenye upepo mzuri huenda maili tano au sita. Nje ya mlango huo liko fungu la changarawe, jina lake Shingles, nalo huhama mahali pake, tena mawimbi hulipasukia. Upepo ukivuma kutoka kusini-magharibi, na maji yakitoka kuelekea huko huko, maji na upepo hupigana, na bahari husimama kama kuta. Tuseme basi kwamba mume na mke wanarudi jioni, wamechoka, wana njaa, na bandari yao iko ndani ya mlango ule. Maji yamekwisha kuanza kutoka. Mume asema, "Tuingie sasa, tutawahi." Mke asema, "Tukae nje kwenye kina kirefu mpaka maji yageuke." Hapana wa tatu wa kuwaamua. Methali yasema nini hapa? Yasema mmoja na anyamaze, lakini haisemi ni yupi.

Hapa twakumbuka safari moja ya ujana wetu, tulipopanda jahazi kutoka Tanga kwenda Pemba. Nahodha alikuwa mzee mkali, mwenye kauli moja. Kutwa nzima hatukusikia mtu akimjibu neno. Lakini tulipoikaribia milango ya miamba ya Pemba, tanga kubwa likawa limemziba asione mbele, alimtuma kijana mmoja akasimame omoni, pua ya chombo. Kijana huyo, ambaye asubuhi alikuwa ametukanwa kwa sababu ya chai, akaanza kupiga kelele: "Joshi! Joshi tena! Basi! Demani!" Na yule mzee, huko tezini, akausukuma usukani kila mara kama alivyoambiwa, pasipo kuuliza. Tulipita salama. Baadaye kijana akarudi kuosha masufuria.

Mtu aweza kutujibu kwamba kijana alitoa habari tu, na aliyeamua ni mzee. Jibu hilo lina kweli ndani yake, maana ni mzee aliyechagua kumtuma, tena aliyechagua mlango wa kupitia. Lakini katika muda wa pumzi tatu, mwamba ukiwa chini ya ubavu, habari na amri huwa kitu kimoja. Nahodha mkali kuliko wote tuliowahi kuwaona alitii sauti ya mpishi wake, wala unahodha wake haukupungua hata chembe. Ulikuwapo kwa sababu alijua ni wakati gani macho ya mwingine yanaona kuliko yake.

Katika chombo cha mume na mke jambo hilo huwa la kila usiku. Mwili wa binadamu hauwezi kukesha siku tatu mfululizo. Kwa hiyo huenda kwa zamu, mmoja akikesha saa tatu au nne na mwenziwe akilala chini. Tena sheria ya mataifa ya kuzuia migongano baharini, iliyowekwa mwaka 1972, katika kanuni yake ya tano yataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia kwa macho na kwa masikio wakati wote, wala haikuviacha nje vyombo vya watu wawili. Basi, mke akiwa katika zamu yake, saa nane za usiku, akaona taa nyekundu ya meli ikimkaribia, nahodha ni nani? Yule aliyelala hajui hata kama kuna meli. Mwenye zamu ndiye nahodha, na unahodha wake si wa kuazimwa. Akikosea, wote wawili watazama.

Wako waliolipata jambo hilo kwa uchungu. Miles na Beryl Smeeton walikuwa katika chombo chao Tzu Hang, chenye futi 46, kusini kabisa mwa bahari ya Pasifiki, wakielekea rasi ya Horn, pamoja na rafiki yao John Guzzwell. Februari 1957, Beryl akiwa peke yake usukanini, wimbi kubwa lilikibinua chombo kichwa mbele tezi juu. Milingoti ilivunjika, Beryl akatupwa baharini. Akaogelea akarudi, naye ameumia. Wakatengeneza walichoweza wakafika pwani ya Chile. Desemba ya mwaka ule ule mume na mke wakajaribu tena, wao wawili tu, chombo kikapinduka tena, wakarudi Chile tena. Mwaka 1968 ndipo walipoizunguka rasi hiyo. Tunalolipima hapa si ushujaa wao, maana ushujaa wa namna hiyo wengine watauita wazimu, na hatutagombana nao. Tunalolipima ni kwamba baada ya chombo kubinuka katika zamu ya mke, zamu za mke ziliendelea. Katika nyumba nyingi tunazozijua, mwanamke akipoteza fedha za soko mara moja, ufunguo wa sanduku hauoni tena.

Hata hivyo tusiionee methali. Iko saa ambapo sauti mbili ni mauti. Chombo kinapobisha, yaani kinapogeuza tanga dhidi ya upepo katika njia nyembamba, usukani ni mmoja nao hauwezi kutii amri mbili. Larry na Lin Pardey, walioshusha majini huko California mwaka 1968 chombo chao Seraffyn, cha futi 24 na kisicho na injini, hawakuwa na njia nyingine ya kujitoa penye kosa ila tanga, kasia na mikono yao minne. Hapo hakuna nafasi ya baraza. Lakini kauli moja kwa kazi moja si kauli moja kwa maisha yote. Aliye usukanini huamuru mpaka chombo kigeuke. Kikigeuka, amri yake imekwisha.

Na hata katika saa hiyo, namna ya kuamuru ni jambo la maadili. Wakati wa kutia nanga, mmoja huwa omoni na mwingine tezini, na upepo huchukua maneno. Aliye tezini huongeza sauti. Aliye omoni hasikii neno, husikia ukali tu. Baharia wa mshahara akichoka na ukali hushuka bandari inayofuata akatafuta nahodha mwingine. Mke hana mahali pa kushukia ila kuivunja nyumba, na wako waliofanya hivyo. Ndiyo maana wengi wenye busara wameacha kupigiana kelele, wakapatana ishara za mikono: mkono juu, ngoja, mkono kushoto, geuza. Kitu kidogo sana, lakini twajua nyumba za bara ambazo zingefaidiwa nacho.

Turudi penye mlango wa Hurst, tulikowaacha mume na mke wakibishana. Wengi wa watu hao wamejiwekea kanuni: wawili wakitofautiana, afuatwe yule mwenye hadhari zaidi. Akisema mmoja tupunguze tanga, tanga hupunguzwa, bila shauri. Tulipoisikia kanuni hii mara ya kwanza hatukuipenda. Tulisema, basi mwoga ndiye atakayetawala. Na woga ukipewa kiti hauondoki. Lakini tukafikiri zaidi. Chombo kilichongoja nje kwa saa sita chaweza kuingia baada ya saa sita. Chombo kilichopanda juu ya Shingles hakina saa ya pili. Kanuni yao basi haikumpa mwoga ufalme. Imesema tu kwamba penye shaka lishikwe lile linaloweza kurekebishwa.

Sasa tuichukue kanuni hiyo mpaka barazani. Katika shauri la shamba, anayesema tungoje ndiye wa kusikilizwa, awe mume au mke, maana shamba lililouzwa limekwenda. Lakini katika shauri la mtoto na shule, anayesema tungoje huenda ndiye anayeliendea fungu, kwa sababu umri wa mtoto haugeuki kama maji. Hapo hadhari na ujasiri hubadilishana mahali, na wawili hawana budi kuulizana kweli, jambo ambalo methali ilikuwa imewaepusha nalo. Sisi tuliwahi kumnyamazisha mtu katika shauri la namna hiyo. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na hakwenda.

Limebaki jambo moja ambalo wenye vyombo hivi husema ni gumu kuliko kushika usukani katika dhoruba, nalo ni kulala. Mwenye kutoka zamuni humwambia mwenziwe upepo ulipo, njia inayofuatwa, na taa alizoziona. Kisha hushuka, huvua nguo zilizolowa, hujinyosha. Husikia kamba ikilia juu, husikia hatua za mwenziwe, hutamani kupanda akatazame. Usiku wa kwanza wengi hupanda. Akipanda mara tatu, mwenziwe humwachia usukani, na kesho yake wote wawili wamechoka, na pwani iko pale pale. Yule mzee wetu wa Tanga, tulipokwisha kuvuka miamba, alimpa sarahangi usukani, akajifunika shuka usoni penye jua, akakoroma mpaka bandarini.