Bibo na Zabibu

Miaka michache iliyopita, nyumbani kwa watu Dar es Salaam, nilimiminiwa mvinyo wa rangi ya asali kwenye glasi ndogo. Mwenyeji akasema huu ni Sauternes, unatoka karibu na Bordeaux, Ufaransa, na zabibu zake huachwa shambani mpaka ziingie kuvu. Yaani zioze. Ukungu wa asubuhi unaopanda kutoka mto Ciron huilea ile kuvu, jua la mchana huizuia isizidi. Kuvu hutoboa ganda, maji hupungua, sukari hubaki. Wachumaji hupita kwenye mzabibu uleule mara kadhaa, kila safari wakichukua zilizofikia tu. Tukaletewa na jibini la Roquefort, lenye kuvu nalo, lenye chumvi kali. Utamu na chumvi vikakutana mdomoni. Nikasema, "Jamani, hii nzuri!" Na ilikuwa nzuri kweli.

Usiku nikamkumbuka bibi yangu wa Lukuledi.

Nilikuwa chuoni, nikaja likizo na rafiki yangu wa mjini, msimu wa korosho. Bibi alikuwa ameokota mabibo yaliyoanguka usiku, akayachambua moja moja, akayakamua, akaacha maji yake yachachuke. Ndiyo uraka. Akatuletea bakuli, na pembeni ming'oko ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Rafiki akanusa, akakunja uso. Kabla bibi hajafungua mdomo nikasema, "Achana nayo, pombe za kijijini tu hizo." Bibi akasikia. Akainua bakuli lake. "Haya, wajukuu zangu. Ngoja niwachemshie chai."

Hatukulizungumza tena mpaka anafariki.

Sasa swali langu ni hili: nilikosa nini? Wengine watasema ni mambo ya ladha, na kila mtu ana yake. Lakini siku ile sikuonja. Nilitazama uso wa mgeni, nikahukumu. Na Dar vilevile: nilimtazama mwenyeji kwanza, ndipo nikajua kwamba ninachokunywa ni kizuri. Mara zote mbili ulimi wangu ulifika mwisho.

Kuna jibu jingine, rahisi: tumefundishwa kudharau vyetu. Lina ukweli. Bibo hilihili huko Goa, India, hutoa feni, kinywaji ambacho mwaka 2009 kilisajiliwa rasmi kwa jina la eneo lake, kama Wafaransa wanavyolinda majina ya mvinyo wao. Tunda ni moja, heshima mbili. Lukuledi yenyewe ilipata misheni ya Wabenediktini mwaka 1895, na divai ya misa imekaa altareni pale vizazi na vizazi, huku uraka ukikaa nyuma ya nyumba. Lakini jibu hili linanipa nafuu ambayo sistahili. Hakuna padri wala mkoloni aliyenishika ulimi siku ile. Maneno yalikuwa yangu, na aliyeumia alikuwa mtu aliyeamka alfajiri kwa ajili yangu.

Najua pia mtu ataniambia pombe imevunja nyumba nyingi huku kusini. Kweli kabisa. Wapo wanaopeleka mabibo hadi kwenye gongo, ambayo sheria inaikataza, na nimeona mwisho wake. Ila hofu hiyo, kama ni ya kweli, ingenijia hata mbele ya ile glasi ya Dar. Haikunijia. Kwa bibi nilikuwa mtu wa maadili, kwa Wafaransa nikawa mtu wa ladha.

Kupenda Sauternes si kosa, wala mtu halazimiki kupenda uraka. Kosa ni kuipitishia kazi ya mtu hukumu ambayo umeiazima kwenye uso wa mwingine. Sauternes nzuri inaweza kungoja ghalani miongo mingi mpaka apatikane wa kuielewa. Uraka haungoji. Ukiukataa leo, keshokutwa ni mkali, haunyweki kwa raha. Na bibi naye hakungoja.

Msimu uliopita nilirudi. Korosho zilikuwa zimeshaokotwa, ziko kwenye magunia zikingoja kupelekwa ghala la chama. Mabibo yamelala chini ya mikorosho, mengi yakiwa yameanza kuoza bila mtu wa kuyaangalia. Shangazi alikuwa amekamua kidogo. Nikakaa kwenye mkeka, nikanywa polepole. Kwanza utamu, halafu ule ukakasi unaokaza ulimi, halafu nikatafuna mng'oko wenye chumvi, ukakasi ukalegea. Vinaendana. Bibi alilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Shangazi akaniuliza, "Nikuchemshie chai?"

Nikamwambia hapana shangazi, niongeze.