TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Mgongo Unaometameta



Ndugu zangu mnaolima alizeti hapa Mafinga, mnamjua yule mdudu wa kijani na buluu, mwenye madoa meusi, anayemeta kama kito? Wataalamu humwita Kalidea. Mgongo wake ni ngao moja iliyofunika mbawa zote. Mtoto akimwona humshika acheze naye. Lakini mgeuze. Chini ya kifua amekunja mdomo mwembamba kama sindano. Huo ndio anaochomea mbegu changa na kunyonya kiini. Hasara utaikuta mashineni: maganda mengi, mafuta kidogo.

Nimemkumbuka kwa kosa langu mwenyewe. Juzi baada ya tarawehe, tukivaa viatu, alitajwa jirani mmoja. Nami nikachangia: "Ah, huyo kulipa deni ni shida." Jamani, ilikuwa kweli! Ila mmoja wa waliosikia ana duka. Kesho yake jirani akaenda kukopa unga, akanyimwa. Daku ya nyumba ile ikawa chai ya rangi.

Sasa najiuliza, na wewe jiulize: neno la kweli laweza kuwa dhambi? Sisi hujitetea, "Sijasema uongo, hata angekuwepo ningesema." Huo ndio mgongo wetu unaometa. Mtume ﷺ aliulizwa jambo hilihili, akafundisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa analolichukia, nalo analo kweli, ndiyo ghiba yenyewe. Kama hana, umemzulia. Kumbe ukweli ulinitoa kwenye kosa moja ukaniacha kwenye jingine.

Je, tufumbe midomo kabisa? Hapana. Aliyedhulumiwa ana haki ya kushtaki. Anayeulizwa kuhusu mchumba au mbia aseme kwa kadiri ya haja. Mwenye duka angeniuliza, ningekuwa na sababu ya kumjibu. Hakuniuliza. Nilisema kwa utamu wa kusema tu.

Nimemwendea jirani, nimemwomba radhi. Nimerudi na kwa mwenye duka. Unga umepatikana, lakini daku ile haikurudi.

Leo kabla hujamtaja mtu, ligeuze neno lako kwanza, utazame chini yake kuna nini. Allah azipokee funga zetu zikiwa na kiini, zisiwe maganda. Amin.