Michael Corleone hafi

Nilipofika mwisho wa diski nilidhani imekwama.

Mwaka 1990 Francis Ford Coppola alitoa The Godfather Part III, sehemu ya tatu ya hadithi ya familia ya Corleone aliyoianza mwaka 1972 kutokana na riwaya ya Mario Puzo. Mwishoni Michael Corleone ni mzee, yuko peke yake kwenye kiti, Sicily. Anainama, anaanguka chini. Kafa, basi. Desemba 2020 Coppola akaitoa filamu hiyohiyo kwa diski za kutazama nyumbani, akiwa ameihariri upya na kuipa jina The Godfather Coda: The Death of Michael Corleone. Jina linaahidi kifo. Lakini unamwona mzee kwenye kiti kilekile, anavaa miwani yake nyeusi, picha inafifia. Hafi!

Kwa nini mwandishi amnyime mtu kifo alichokwisha kumtangazia?

Tukumbuke makosa yenyewe. Mwishoni mwa sehemu ya pili, ya 1974, Michael anaamuru Fredo auawe. Fredo ni kaka yake, wamezaliwa tumbo moja. Anapigwa risasi akiwa anavua samaki ziwani. Na muda wote huo Michael ana utetezi mmoja tu: familia. Nafanya yote haya kwa ajili ya familia. Katika sehemu ya tatu, risasi iliyomlenga yeye inampata binti yake, Mary, kwenye ngazi za jumba la opera la Palermo.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa Michael methali hii inauma zaidi, maana aliyekula hasa ni wa kwao. Mchumaji mwenyewe kabaki hai, kapanua kinywa kulia na sauti haitoki.

Sasa haki ni ipi? Kifo cha 1990 ni cha uzeeni, juani, bila daktari wala maumivu marefu. Wengi wetu tungejiombea kifo cha namna hiyo. Toleo la 2020 linamnyima pumziko hilo. Maandishi ya mwisho yanatukumbusha kwamba Wasicilia hutakiana miaka mia, yaani maisha marefu. Na sisi tunaombeana hivyohivyo: Mungu akupe umri mrefu. Sikuwahi kufikiri kwamba dua hiyo inaweza kuwa laana.

Rafiki niliyetazama naye alibisha. Alisema wauaji wangapi wanazeeka vizuri na kulala usingizi mnono? Dhamiri humwadhibu mwenye nayo tu. Hoja nzito, na sidhani kama ina jibu kwa wauaji wote. Kwa Michael ninalo. Mbele ya Kadinali Lamberto alilia na kukiri kwamba alimuua ndugu yake. Dhamiri anayo. Kadinali anamwambia kwamba anastahili kuteseka, kwamba maisha yake yangeweza kukombolewa, ila anajua hatabadilika.

Na kweli hakubadilika. Kando ya jeneza la rafiki wa zamani aliapa kwa uhai wa watoto wake kwamba hatatenda dhambi tena. Lakini hakuukomesha uuaji. Aliuacha mikononi mwa Vincent, mtoto wa marehemu kaka yake Sonny. Hapo ndipo ninapoliona kosa lake la mwanzo hadi mwisho. Alipoua, kisingizio kilikuwa watoto. Alipotubu, rehani ilikuwa watoto. Hakuna siku aliyoweka mezani kitu chake mwenyewe.

Ndiyo maana nakubaliana na toleo la 2020. Si kwamba nafurahia kumwona mzee akiteseka; mateso yake hayamrudishii Mary hata siku moja. Ila kifo kingefunga hesabu ambayo yeye hajaanza kuilipa. Akiwa hai, kila asubuhi anaamka na deni lilelile, na safari hii Mary hayupo wa kuapia.

Ukiipata diski hiyo, itazame na watu wa nyumbani kwako. Kisha jiulize ni mara ngapi umewaambia, "nafanya hivi kwa ajili yenu," na kama kuna siku uliwauliza wanataka nini.